Wembe na Sharubu za Baba

Wifi yangu anaitwa Wembe, na msinitazame mimi, jina hilo walimpa wateja wake. Ni kinyozi, mwanamke pekee katika safu nzima ya vinyozi pale mtaani. Siku ya kwanza alipofungua mlango, wanaume walikuja kuchungulia kama watu waliosikia kuna ajali. Mmoja akauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Akajibiwa, "Fundi ameshakuona. Kaa au pita." Yule bwana akakaa. Alitoka akijipapasa kisogo na kutabasamu peke yake, na kesho yake akaleta shemeji zake.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimechanika na kuzibwa kwa plasta, kioo kirefu chenye doa pembeni, mashine za kunyolea zimening'inia kwenye misumari, chupa ya spiriti, poda, na taulo anazozichemsha mwenyewe maana hamwamini mtu kwa usafi. Ana sheria moja: kinachotokea kwenye kiti kinabaki kwenye kiti. Wanaume wakishafungwa taulo shingoni humwaga kila kitu, nani kafukuzwa kazi, nani ana nyumba ndogo, nani anaota anaanguka. Mimi ni mpenda habari, sikatai, na nimembembeleza mpaka nimeishiwa maneno. Hajawahi kunipa hata punje.

Mimi ni dada wa mumewe. Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa baba na sanduku langu, na wala sioni aibu kulisema. Nakaa kwenye dirisha la karakana ya mbao ya baba, napokea oda za milango na vitanda. Msumeno unanguruma mgongoni kwangu kutwa nzima, ndiyo maana nazungumza kwa kelele. Watu wanasema ni hasira. Hasira nayo ipo.

Kaka yangu alipomleta Wembe nyumbani, shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alimtazama nywele kabla ya kumtazama uso. Nywele za Wembe zinateleza, na macho yake yamevutika kidogo pembeni. Babu yake alishuka melini akiwa kijana, akaja kujenga reli, akaoa hapa, akazeeka hapa, akazikwa hapa. Lakini kwa shangazi familia ile yote bado imesimama na mizigo bandarini. "Mtu wa kuja," alininong'oneza jikoni, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka sebuleni. Wembe akaita kutoka sebuleni, "Nimeshafika, shangazi, nisogezee kiti." Nilimpenda siku hiyohiyo.

Sasa niwaeleze kuhusu sharubu, maana bila sharubu hamtaelewa kitu. Baba ana sharubu nene, nyeusi hata baada ya kichwa kuwa cheupe, zimeshuka zikafunika mdomo wa juu wote. Ndizo heshima ya nyumba yetu. "Mwanaume wa nyumba hii hanyoi sharubu," alituambia tangu tukiwa wadogo, na kaka yangu masikini akalazimika kufuga zake, vinywele vichache mtu anaweza kudhani amekunywa maziwa ya moto akasahau kujifuta. Baba alikubali mkwewe amnyoe kichwa na ndevu za shingoni. Sharubu, thubutu! Hizo alizipunguza mwenyewe chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Sisi tulicheka tu, tukasema mzee ana maringo.

Basi, mtoto akazaliwa. Wa kiume, mzima, mapafu ya kupigia tarumbeta. Ila mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto mpaka puani, na ndani kaakaa nalo limeachana katikati. Muuguzi alimfunika kitambaa usoni kabla ya kumkabidhi mama yake. Wembe, jasho halijamkauka, akakivuta kile kitambaa. "Usimfunike, si maiti," akasema. Akamtazama mwanawe, kisha akamwambia, "Haya bwana, umekuja. Tutapiga kazi." Alilia baadaye, nilimsikia bafuni. Lakini mbele ya watu macho yalikuwa makavu.

Na kazi ilikuwepo kweli. Mtoto wa hivyo hawezi kunyonya, hewa inapita pasipotakiwa, maziwa yanarudi kwa pua. Wembe alijifunza kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, mtoto amekaa wima, tone kwa tone, akimsubiri ameze. Daktari wa upasuaji alisema mdomo utashonwa akishapata uzito wa kutosha, kaakaa baadaye akikua. Kwa hiyo kila gramu ilikuwa vita. Alimbeba kwenda naye kazini, akamlaza kwenye boksi la mbao nililomsimamia seremala wetu alitengeneze, akawa ananyoa kichwa kimoja, ananywesha, ananyoa kingine.

Siku moja mteja, mtu mzima na tai yake, akachungulia ndani ya boksi akasema, "Pole, dada. Kumbe ana mdomo sungura." Wembe akazima mashine. Bwana huyo alikuwa amenyolewa nusu, nusu bado. "Sungura ni kitoweo," Wembe akasema. "Huyu ni mwanangu. Hospitali wanaita mdomo wazi. Sema." Yule bwana akajitazama kwenye kioo, nusu upara nusu msitu, akasema, "Mdomo wazi." Mashine ikawashwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja sungura pale, hata wanaofuga.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na tatizo. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu, na babu mwenyewe ndiye humtamkia, basi, hakuna sherehe, ni neno tu. Tulimsubiri baba. Akaja, akainama kwenye kitanda cha mtoto, na ghafla akajiziba mdomo kwa kiganja. Akasimama vile, kiganja mdomoni, halafu akageuka akaenda karakana. Hakutamka jina. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mtoto anaitwa Mtoto. Kwenye jalada la kliniki ameandikwa Mtoto wa Fulani. Kaka yangu nikamwambia, "Muulize baba." Akasema, "Atalisema tu akiwa tayari." Kaka yangu ni mtu mwema sana, na kuna siku wema wake unanitia hamu ya kumzaba kofi.

Pale kliniki kulikuwa na watu wa utafiti. Walikuwa wanachunguza watoto wenye mdomo wazi na asili za familia zao, na waliomba mate ya mama, ya baba na ya mtoto. Daktari wao alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa, mpole, anayeeleza jambo mara mbili bila kununa. Siku hiyo mimi nilikwenda kumsaidia Wembe, na shangazi naye akajipachika. Daktari hajamaliza kufungua vichupa vyake, shangazi akauliza, "Mwanangu, hebu tueleze. Kitu hiki kinatoka kwa watu gani?"

Yule daktari hakujua anaingizwa kwenye ugomvi wa nani. Akajibu kwa ukweli wake, "Tukihesabu watu wengi sana, kuna jamii za ng'ambo, hasa za mashariki ya mbali, ambako watoto huzaliwa hivi mara nyingi zaidi kuliko huku kwetu."

Shangazi akanyanyuka. Akavuta mkoba wake. "Asante," akasema, "nilitaka kusikia hilo tu." Akatoka, na viatu vyake nikavisikia mpaka getini.

Daktari akabaki ameshika kichupa. "Sijamaliza," akasema. Wembe akamwambia, "Sisi tupo, maliza." Ndipo akaeleza, na nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa darasani. Akasema ile ni hesabu ya umati, haimnyooshei mtu mmoja kidole. Kila jamii duniani ina watoto hawa, yetu pia. Vya kurithi ni vingi, vidogovidogo, vinatoka kwa baba na vinatoka kwa mama, vingine vinapita vizazi vimejikalia kimya. Na kuna mambo mengine yasiyo ya kurithi kabisa, na mara nyingi hakuna ajuaye ni lipi lililofanya lipi.

"Kwa hiyo mate haya," Wembe akauliza, "yatakuja kusema ni mimi au ni mume wangu?"

"Hapana. Yakiunganishwa na ya maelfu ya wengine yatatufundisha kitu. Kuhusu nani, hayatakuambia."

"Vizuri," Wembe akasema, akafungua mdomo. "Chukua."

Tulipofika nyumbani tulikuta habari imeshapikwa na kupakuliwa. Daktari kasema! Mtaalamu kathibitisha! Ni damu ya ng'ambo! Shangazi alipiga simu kwa kila ndugu mwenye simu. Na hakuishia kwenye maneno. Alitaka Wembe arudishwe kwao na mtoto wake kabla hajabeba mimba nyingine, kaka "apumzike na afikirie upya", na jina la baba lisiguswe. Kikao cha familia kikapangwa Jumapili. Nilijua maana ya "apumzike na afikirie upya." Mimi mwenyewe niliwahi kufikiriwa upya, na nikarudi na sanduku.

Sasa, siku chache kabla ya hiyo Jumapili, nipo dirishani kwangu, nikasikia msumeno umebadilisha sauti, halafu kelele za watu. Ubao mfupi ulikuwa umeruka ukampiga baba mdomoni. Nilimkuta amekaa kwenye vumbi la mbao, damu inachuruzika katikati ya vidole. Tukambeba mpaka zahanati ya jirani. Muuguzi wa kiume akatazama akasema mdomo wa juu umechanika, lazima ushonwe, na ili ushonwe sharubu zitoke. Akachukua wembe. Baba akamshika mkono. Mzee mzima, anavuja damu, ameushika mkono wa kijana wa watu kama anataka kuuvunja. Akatikisa kichwa hapana, hapana, hapana. Kisha akasema kwa tabu, "Mwiteni mkwe wangu."

Nilidhani ubao umemgusa akili. Mkwe yupi? Yule aliyekuwa hamsemeshi tangu ajifungue? Lakini nilipiga simu, na Wembe akaja mbio na mkoba wake wa kazi, mtoto mgongoni. Akanikabidhi mtoto. Muuguzi akavuta pazia, akasema ana mgonjwa mwingine, tumwite tukimaliza. Tukabaki sisi: baba kitandani, Wembe, na mimi na mtoto begani na beseni mkononi.

Wembe alinawa mikono. Akaloanisha zile sharubu taratibu kwa maji ya uvuguvugu, akazipunguza kwa mkasi, kisha akashika wembe mpya. Mkono wake ni mwepesi jamani, sijui kama baba alisikia kitu. Upande wa kulia ukatoka, ngozi safi. Akaja upande wa kushoto, nywele zikaanguka kwenye beseni, na mkono wake ukasimama.

Pembeni ya jeraha jipya lilikuwepo la zamani. Kovu nene, limevutika, limeshonwa kwa mkono mzito na mtu wa zamani, kutoka ukingoni mwa mdomo mpaka ndani ya pua. Upande wa kushoto. Nilimtazama baba, nikamtazama mtoto begani kwangu. Beseni likainama na maji yakanimwagikia miguuni.

"Mmeona," baba akasema.

"Nimeona, baba," Wembe akajibu. "Usitikisike, bado kidogo hapa chini ya pua."

Akamaliza kazi yake. Akafuta, akapaka dawa. Baba alikuwa amefumba macho, na machozi yanaingia masikioni. Akasema alishonwa akiwa kijana mdogo, na daktari mgeni aliyepita tu. Akasema mama yake walimfukuza kwenye boma lao kwa ajili ya mdomo ule, usiku wakalala kwenye banda la mbao la watu, yeye mgongoni na dada yake ameshika nguo ya mama. Mama yangu mimi, mkewe, alijua, akafa na siri hiyo. Nikasema kwa sauti ya dirishani, "Kwa hiyo shangazi anajua! Anajua siku zote!" Baba hakufumbua macho. Akamuuliza Wembe tu, "Nani mwingine atalijua hili?"

"Mimi ni kinyozi, baba," Wembe akasema, akaita muuguzi.

Njiani nililipuka. Nilimwambia wewe ni mwendawazimu, umepata rungu la kuwapiga wote na unalifunga kwenye mkoba! Jumapili ukifungua mdomo tu, shangazi anaanguka chali! Nilimwambia kama hutasema wewe, nitasema mimi, tena nitasimama juu ya meza. Wembe akasimama katikati ya njia. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Wifi, ukilisema mimi na wewe basi."

"Kwa nini? Si litakusafisha?"

"Linisafishe nini? Nimechafuka wapi?" Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Nikisema ni la kwenu, nimekubali kwamba ni kosa. Nimekubali lazima apatikane wa kufukuzwa, ila asiwe mimi. Siwezi. Huyu hapa mgongoni si ushahidi wa kesi ya mtu."

Lakini sikukubali. Niliona anakwenda kuchinjwa na kisu kakishika yeye.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa, mchana kweupe, madirisha wazi. Shangazi alikaa kiti cha katikati. Baba alikaa pembeni, plasta nyeupe imemfunika kutoka pua mpaka mdomo, watu wakimpa pole za ajali. Niliitazama ile plasta nikajisemea, lo, hata ajali inamsaidia kujificha. Kaka alikaa anasoma dari. Wembe alikaa karibu yangu na mtoto mapajani, na kila nilipovuta pumzi ya kusema alinikanyaga mguu. Nilitoka pale na ukucha mweusi.

Shangazi akaanza. Alizungumza vizuri, sina budi kusema, ana kipaji. Hatumchukii mtu. Tunatazama mbele. Sayansi imesema, sisi ni nani kubishana na sayansi? Nyumba hii haijawahi kuwa na jambo kama hili. Aliposema hivyo nilimtazama machoni, na yeye akatazama kikombe chake. "Kwa hiyo mkwe wetu apumzike kwao kidogo," akamaliza, "mpaka tutakapoona."

Wembe hakusimama. Aliendelea kumpapasa mtoto mgongo.

"Shangazi, umesema damu yangu. Sawa. Mate yangu yamechukuliwa, ya mume wangu yamechukuliwa, ya mtoto yamechukuliwa. Hakuna jibu litakalorudi kusema ni mimi, wala kusema si mimi. Daktari alilieleza hilo wewe ukiwa umeshafika getini. Lakini hata kama jibu lingekuwepo, nisingelileta hapa. Mkishajua ni la nani, mtamfanyia huyo hivi mnavyonifanyia mimi. Na mimi sitaki afanyiwe mtu yeyote. Awe wa kwetu, awe wa kwenu, awe mzee, awe bado hajazaliwa. Sitaki."

Baba alikuwa ameshika mikono ya kiti mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

"Na mimi siondoki," Wembe akaendelea. "Nimeolewa hapa. Nikitoka kwenye mlango huu nakwenda kazini, na jioni narudi. Anayetaka nisirudi abadilishe kitasa, na fundi wa vitasa namnyoa mimi."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nadhani nilikuwa mimi.

"Una mdomo wewe!" shangazi akafoka.

"Ninao, shangazi. Wa mwanangu unashonwa Alhamisi, uzito umetimia. Naye atakuwa nao. Anayetaka kuja aje, asiyetaka akae."

Mtoto akaanza kulia njaa. Wembe akanyoosha mkono kuchukua kikombe, lakini mkono mwingine ukawahi. Kaka yangu alikuwa ameshuka kutoka darini. Akamchukua mtoto, akamkalisha wima kwenye goti mbele ya wazee wote, akaanza kumnywesha tone kwa tone, na maziwa yalipotoka kwa pua akafuta kwa leso yake bila haraka. "Alhamisi nipo," akasema. Maneno hayo tu. Lakini kwa kaka yangu hiyo ni hotuba. Shangazi akafunga kikao mwenyewe akisema uamuzi ni uleule, Wembe aende kwao, na baba akainuka akaenda chumbani. Nilimchukia sana baba siku hiyo. Nilisema peke yangu jikoni, kwa sauti, "Mwoga!" na natumaini alisikia.

Alhamisi tulikuwa kwenye korido ya hospitali tangu alfajiri, kwenye benchi refu pamoja na akina mama wengine na watoto wao. Mtoto hakuruhusiwa kunyweshwa, alikuwa analia ukuta utikisike, na Wembe anatembea naye huku na huku. Mara watu wakageuza shingo. Nami nikageuka.

Baba alikuwa anakuja. Shati la kazi limepigwa pasi, na uso mtupu. Plasta hakuna. Mshono mpya mwekundu na kovu la zamani pembeni yake, peupe, mbele ya watu wote. Shangazi alikuwa nyuma yake, amepungua, sijui niseme vipi, kama mtu aliyevuliwa koti. Mama mmoja kwenye benchi, mwenye binti wa mdomo wazi mapajani, akamtazama baba bila kupepesa. "Mzee," akauliza, "na wewe?"

"Na mimi," baba akasema. "Nilizaliwa hivihivi. Nililificha miaka yote. Jana usiku nimemwambia mwanangu wa kiume, na asubuhi hii nakwambia wewe." Yule mama akamsogezea nafasi. Akamwonyesha binti yake lile kovu kwa kidole, bila kuogopa, na baba akamwachia aonyeshe.

Shangazi akamwendea Wembe. Akasema alikuwa mdogo sana mama yao alipotolewa nje, na aliapa hakuna atakayesema tena kwamba kitu kile kimetoka kwao. Akasema, "Niliogopa." Wembe akampa mtoto ampakate. Mimi nisingempa. Mimi nilimpisha tu kwenye benchi, tena ukingoni.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na utepe wa mkononi wa kumfunga mtoto. "Hapa ameandikwa Mtoto tu," akasema. "Jina lake nani? Siwezi kumwingiza bila jina."

Baba akasimama. Akakohoa kidogo. Niliona amejiandaa, ameshika kifua. "Jina lipo," akasema. "Ni langu. Nimekuja kumpa."

"Hapana, baba," Wembe akasema.

Mungu wangu. Korido nzima ilisikia. Kaka akainamisha kichwa, lakini hakumkatiza mkewe.

"Sikatai kwa ubaya," Wembe akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani, lakini haikuyumba. "Ulilishika jina tangu azaliwe, ukimtazama kama anafaa au hafai. Nilikusubiri, baba. Kila asubuhi nilikusubiri, na nyumba nzima iliniona ninavyosubiri. Sasa sisubiri tena. Mwanangu hatafuti mtu wa kumkubali. Tumempa jina mimi na baba yake, halijawahi kuitwa mtu kwenu wala kwetu. Halina deni la ukoo wowote."

Akalitamka. Mimi silisemi hapa, akikua atajitambulisha mwenyewe. Ni jina fupi, zuri. Muuguzi akaliandika kwenye utepe, akaufunga kwenye kile kifundo chembamba.

Baba alibaki amesimama. Mzee aliyefika pale amevua siri ya maisha yake yote, akaambiwa haitoshi. Nilidhani ataondoka. Wembe naye nadhani alidhani hivyo, maana alikuwa amekaza shingo kama mtu anayesubiri kupigwa. Muuguzi akanyoosha mikono kumpokea mtoto, mtoto akapiga ukelele, akamng'ang'ania shangazi nguo.

Baba akainama juu yake. Akalisema lile jina. Mdomo ulikuwa bado umevimba na mshono unavuta, likatoka limepinda. Akafuta damu kidogo kwa kidole, akalisema tena, polepole, lote. Mtoto akanyamaza akamtazama.

"Ndilo hilo, baba," Wembe akasema.

"Nenda," baba akamwambia mjukuu wake, kwa jina lake. "Tupo hapa." Na muuguzi akaingia naye ndani.